Nani aliwahesabu wenyeviti wa Kibiti?

Makala ya leo ni ndefu kuliko kawaida yangu, kwa hiyo kama una chai jikoni kaichukue kwanza.

Nataka tuzungumze kuhusu viongozi ambao televisheni haiwajui. Mwenyekiti wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kijiji, mtendaji wa kata. Waziri akitishiwa maisha anaongezewa askari mlangoni na magazeti yote yanaandika kesho yake. Mwenyekiti wa kitongoji akipigiwa simu usiku na mtu asiyejitaja, akaambiwa aache kupeleka majina ya watu polisi, anakwenda kumwambia nani? Mkewe. Labda na jirani, kama jirani mwenyewe anaaminika. Asubuhi anafungua ofisi, ambayo mara nyingi ni kibaraza cha nyumba yake, na maisha yanaendelea. Mpaka usiku ule ambao hayaendelei.

Kati ya mwaka 2016 na katikati ya mwaka 2017, katika wilaya tatu za mkoa wa Pwani, yaani Kibiti, Rufiji na Mkuranga, waliuawa watu zaidi ya 30. Walikuwemo askari polisi. Walikuwemo viongozi wa chama tawala wa ngazi za chini. Na walikuwemo wenyeviti na watendaji, wengine wakifuatwa usiku nyumbani kwao, wengine njiani. Mji wa Kibiti uko kilomita 130 hivi kutoka Dar es Salaam, kwa barabara ya lami, njia ya mabasi ya Lindi na Mtwara. Sio mahali ambapo unaweza kusema habari zilichelewa kwa sababu gari halifiki.

Watu wengi wameshauliza nani aliwaua na kwa nini. Mimi leo nina swali jingine, swali la kazi yetu hii ya uandishi: nani alikuwa anaweka hesabu? Nani alikuwa na daftari lenye tarehe, kijiji, jina, cheo, na kitu gani kilimtangulia marehemu kabla ya risasi?

Kwanza turudi nyuma kidogo, maana katika bonde lile la Rufiji habari ya kiongozi wa kijiji kuwindwa haikuanza na pikipiki.

Mwaka 1898 Wajerumani walileta kodi ya nyumba. Kodi ile haikukusanywa na Mjerumani kwa mkono wake, walikuwa wachache mno. Walitumia maakida, na chini ya maakida wakawatumia majumbe. Akida alikuwa na eneo, jumbe alikuwa na kijiji. Akida mara nyingi alikuwa mtu wa pwani aliyeletwa kutoka kwingine. Jumbe alikuwa mwenyeji, mtu ambaye unamjua mpaka mama yake. Ndiye aliyejua nani hajalipa, nani amekimbilia msituni, nani ana mwana mkubwa anayeweza kupelekwa kazini. Gavana von Götzen alipoanzisha mashamba ya pamoja ya pamba mwanzoni mwa miaka ya 1900, kazi ya kuwatoa watu nyumbani asubuhi wakalime pamba ya serikali ikaangukia mikononi mwa watu hao hao.

Mwishoni mwa Julai 1905, kule Nandete kwenye vilima vya Umatumbi, watu waling'oa pamba. Shuleni tunafundishwa kwamba hapo ndipo Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani vilipoanza, na ni kweli. Lakini angalieni hasira ile ilimkuta nani kwanza. Gavana alikuwa Dar es Salaam. Aliyekuwa karibu ni akida wa Kibata, ambaye ilibidi akimbie kuokoa roho yake. Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe ambaye maji yake yaliipa vita jina, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Ngarambe na Mohoro zote ziko Rufiji, kwa wale wanaodhani Maji Maji ni habari ya Songea peke yake.

Vita ile ilikwenda mpaka 1907. Sasa tazameni hesabu zake. Wazungu waliokufa wanajulikana walikuwa 15. Wananchi waliokufa, wengi wao kwa njaa baada ya jeshi kuchoma mazao na maghala, wanakadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000. Yaani kwa upande mmoja tuna namba kamili, kwa upande wa pili tuna pengo la watu 225,000 kati ya kadirio moja na jingine! Hiyo ndiyo tofauti ya kuwa na mtu anayekuandika na kutokuwa naye. Nitarudi hapo.

Waingereza walipokuja walibadilisha majina na mipangilio, ila mtu wa mwisho kwenye mnyororo akabaki mwenyeji wa kijijini mwenye daftari la kodi. Baada ya uhuru, mwaka 1963, utawala wa machifu ukafutwa kisheria. TANU ikaleta wajumbe wa nyumba kumi kumi. Halafu Rufiji ikapata operesheni yake ya kuhamia vijijini mapema kabisa, mwaka 1968 na 1969, baada ya mafuriko makubwa, miaka kadhaa kabla operesheni kama hizo hazijafika sehemu nyingi za nchi. Watu walitolewa mabondeni ambako walilima mpunga kwa maji ya mto, wakapelekwa juu, mbali na mashamba yao. Waliopewa kazi ya kuwaambia majirani zao wahame walikuwa nani? Haya, mmeshajua jibu.

Sisemi kwamba mwenyekiti wa mwaka 2017 alikuwa akida. Hapana. Huyu amechaguliwa na wananchi, yule aliwekwa na mkoloni, na kati yao kuna bahari. Ninachosema ni kwamba nafasi aliyosimama ni ile ile: katikati ya dola na mlango wa nyumba ya mtu. Dola ikitaka jambo inapitia kwake. Mwenye hasira na dola naye anapitia kwake, kwa sababu dola yenyewe iko mbali na ina geti.

Ukitaka kujua uzito wa mwenyekiti tazama mhuri wake. Unataka kumdhamini ndugu yako polisi? Barua ya mwenyekiti. Unafungua akaunti benki? Barua ya mwenyekiti. Unauza kiwanja, unagombania mpaka, ng'ombe wameingia shambani, mgeni amehamia na watu hawamwelewi? Kwa mwenyekiti. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji, na mwenyekiti ndiye anayeongoza vikao vyake. Hana mshahara, ana posho, tena posho yenyewe kila mwaka bungeni kuna mbunge anasimama kuiulizia. Hana bunduki. Hana uzio. Ukitaka kumuua unachohitaji ni kujua njia ya kwake, na kijiji kizima kinaijua.

Sasa tuje kwenye matukio yenyewe.

Dalili zilianza kwa silaha. Januari 2015 kituo cha polisi cha Ikwiriri, Rufiji, kilivamiwa usiku, askari wawili wakauawa na bunduki zikaibwa. Julai mwaka huo huo kituo cha Stakishari, Dar es Salaam, kikavamiwa, wakauawa watu saba, askari wanne miongoni mwao, na silaha zikachukuliwa. Sehemu ya silaha za Stakishari zilikuja kukutwa zimefukiwa Mkuranga. Kwa hiyo mtu aliyekuwa anafuatilia ramani angeona kitu kinasogea kusini mwa jiji. Lakini nani alikuwa anafuatilia ramani?

Mwaka 2016 wakaanza kuuawa viongozi wa vijiji. Mmoja, halafu kimya. Mwingine, halafu kimya. Kila kifo kiliingia gazetini kama habari ya peke yake, aya nne tano kwenye ukurasa wa ndani, kamanda wa polisi amethibitisha, uchunguzi unaendelea. Kama wewe ni msomaji wa Mwanza au Arusha, ungesoma habari tatu tofauti ndani ya miezi mitatu na usijue kwamba ni habari moja.

Februari 2017, Jaribu Mpakani, kwenye kizuizi cha kukagua mazao ya misitu, aliuawa mkuu wa upelelezi wa wilaya pamoja na wenzake wawili. Halafu ikaja jioni ya Alhamisi tarehe 13 Aprili 2017, siku moja kabla ya Ijumaa Kuu. Gari la polisi lililokuwa linarudi kutoka kubadilisha lindo lilishambuliwa Mkengeni, Kibiti. Askari wanane walikufa kwa mara moja. Hapo ndipo nchi iliposhtuka. Rais Magufuli akatoa rambirambi, viongozi wakamiminika, na kwa mara ya kwanza neno "Kibiti" likaanza kutumika bila kuongeza maelezo, kama vile mtu anavyosema "Mbagala" tukajua anaongelea mabomu.

Nadhani tuwe wakweli hapa, hata kama inauma. Walihitajika askari wanane kufa pamoja ili wenyeviti waliokufa mmoja mmoja waonekane.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Iliundwa kanda maalumu ya kipolisi ya Rufiji. Pikipiki zikapigwa marufuku kutembea kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 12 asubuhi, jambo ambalo kwa vijana wa bodaboda lilikuwa ni kukatiwa mkono. Tarehe 28 Mei 2017 Rais akamwondoa IGP Ernest Mangu na kumweka Simon Sirro. Mauaji hayakukoma siku hiyo. Mwezi Juni askari wawili wa usalama barabarani walipigwa risasi Bungu, mchana, wakiwa kazini. Agosti, IGP Sirro akatangaza kwamba polisi wamewaua washukiwa 13 katika mapambano Kibiti. Kuanzia hapo mauaji ya viongozi yakapungua mpaka yakanyamaza.

Wako waliosema ni majambazi tu. Wako waliosema ni watu wenye itikadi kali za kidini waliojificha misituni. Oktoba 2017 mji wa Mocímboa da Praia kule kaskazini mwa Msumbiji ukavamiwa na vita ya Cabo Delgado ikaanza, na mwaka mmoja baadaye Sirro mwenyewe akasema wamekamatwa watu 104 waliokuwa wanatoroka kwenda kuweka kambi Msumbiji. Kwa hiyo kuna kamba fulani inayoweza kuunganisha. Wengine waliongelea mkaa na magogo, ushuru wa mazao ya misitu, wakulima na wafugaji, vijana waliochoshwa na vizuizi vya barabarani. Na upande wa pili kulikuwa na malalamiko ya wakazi na wanasiasa wa upinzani kuhusu watu waliochukuliwa wakati wa operesheni na hawakurudi nyumbani. Mwanakijiji wa Kibiti mwaka ule alikuwa anaogopa mlango ukigongwa, na hakuwa na njia ya kujua anayegonga ni wa upande gani.

Maelezo yaliyorudiwa zaidi kuhusu viongozi wa vijiji ni kwamba walionekana ni watoa taarifa wa polisi. Fikiria hilo. Sheria inamtaka mwenyekiti ashirikiane na polisi katika ulinzi wa kijiji. Akishirikiana, anaandikwa kwenye orodha ya wauaji. Asiposhirikiana, polisi watamuuliza kwa nini wahalifu wanapita kijijini kwake naye amekaa kimya. Wapo waliohama nyumba zao. Wapo waliolala kwa ndugu. Wapo walioacha uongozi.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Kifo kinahesabika, kwa sababu kuna mwili, kuna kaburi, kuna kamanda wa kuthibitisha. Kitisho hakihesabiki kirahisi. Simu aliyopigiwa mtendaji, mtu aliyeonekana amesimama karibu na choo chake saa tano usiku, maneno yaliyosemwa kwenye kijiwe cha kahawa ili yamfikie, yote hayo yalibaki vichwani mwa watu. Na waliokuwa na vichwa hivyo wengine ndio waliokufa. Laiti kungekuwa na mahali pamoja, hata daftari la kawaida la mistari ofisini kwa mtendaji wa kata, ambapo kila kitisho kinaandikwa tarehe na saa, mtu mwenye akili ya kawaida angeona vijiji vipi vinafuatana na watu wa cheo gani wanatafutwa. Angeona hilo kabla ya Mkengeni.

Msidhani hii ni ndoto ya mtu aliyesoma sana. Italia wanafanya. Kule kuna mameya na madiwani wa vijiji vidogo vya kusini wanaotishwa na mafia, na kuna chama cha halmashauri kinachoitwa Avviso Pubblico, kilichoanzishwa mwaka 1996, ambacho kila mwaka kinatoa ripoti ya vitisho dhidi ya viongozi wa serikali za mitaa. Ripoti ile inaitwa Amministratori sotto tiro. Haihesabu maiti peke yake. Inahesabu gari lililochomwa moto usiku, barua yenye risasi ndani ya bahasha, kichwa cha mnyama kilichoachwa mlangoni, tusi lililoandikwa ukutani. Diwani wa mji mdogo anajua akitishwa leo ataingia kwenye hesabu, na atakayefuata kumtisha anajua hivyo hivyo.

Kwetu? Kwetu tulikuwa na maneno mawili: watu wasiojulikana.

Naomba niyaseme vibaya maneno haya. Yalikuwepo kwenye taarifa za polisi tangu zamani, "aliuawa na watu wasiojulikana", ni lugha ya kawaida ya mtu ambaye bado anachunguza. Lakini habari za Kibiti ziliyarudia mno mpaka yakageuka kuwa jina, kama vile ni kabila au timu ya mpira. Septemba 2017 Tundu Lissu alipopigwa risasi Dodoma, nchi nzima ilikuwa imeshayazoea, tukayasema tena kama tunasema mvua imenyesha. Neno lililotakiwa kuwa mwanzo wa uchunguzi likawa ndiyo matokeo ya uchunguzi. Na sisi waandishi tuliliandika kila siku bila hata alama za mtajo.

Kuhesabu si kazi rahisi, msije mkadhani nawalaumu watu bure. Jaribu mwenyewe kukaa na magazeti ya mwaka 2016 na 2017. Gazeti hili linasema mwenyekiti wa kijiji, lile linasema mwenyekiti wa kitongoji, la tatu linasema mwenyekiti wa zamani. Jina limeandikwa kwa herufi tofauti. Tarehe moja ni ya tukio, nyingine ni ya siku kamanda alipozungumza. Halafu maswali ya kanuni: aliyeacha uongozi miezi sita kabla ya kuuawa anahesabika? Mimi nasema ndiyo, maana muuaji hakujali kama muda wake wa uongozi umeisha. Mgambo je? Katibu wa chama wa kata, ambaye si mtumishi wa serikali lakini kijijini hakuna anayemtofautisha? Mtoto wa mtendaji aliyeuawa kwa sababu baba hakuwepo? Ndiyo maana utasikia wengine wanasema zaidi ya 30 na wengine wanasema karibu 40. Kila mmoja ana mlango wake wa kuingizia watu kwenye hesabu.

Ili hesabu kama hiyo ifanyike vizuri anahitajika mtu aliye pale pale. Mtu anayejua kwamba kijiji fulani na kitongoji fulani vina jina linalofanana. Anayeweza kupanda pikipiki akaenda kumuuliza mjane. Na Kibiti walikuwa naye mtu huyo.

Aliitwa Azory Gwanda. Alikuwa mwandishi wa kujitegemea akiandikia magazeti ya Mwananchi na The Citizen, akiishi hapo hapo Kibiti. Wasiojua kazi hii niwaeleze: mwandishi wa kujitegemea wa mkoani analipwa kwa habari iliyotoka. Habari isipotoka, hakuna hela. Hana gari la ofisi, nauli anajitegemea. Anaandika leo mkutano wa madiwani, kesho bei ya korosho, keshokutwa ajali. Azory aliandika hayo, na katikati yake akaandika mauaji, moja baada ya jingine, kutoka eneo ambalo wengi wetu tulikuwa tunaliogopa hata kupita. Bila habari za mtu kama yeye, wahariri wa Dar es Salaam wangekuwa na taarifa ya kamanda peke yake.

Tarehe 21 Novemba 2017, kwa maelezo ya mkewe, Azory alichukuliwa na watu waliokuwa kwenye gari aina ya Toyota Land Cruiser jeupe. Walimpitisha shambani alikokuwa mkewe, akauliza ulipo ufunguo wa nyumba, akasema amepata safari ya ghafla, asiporudi siku ile atarudi kesho yake. Mkewe alikuwa mjamzito. Aliporudi nyumbani alikuta imepekuliwa. Simu ya Azory ikawa haipatikani. Desemba wahariri wake wakalitangaza jambo hilo hadharani.

Hakurudi.

Sitasema nani alimchukua. Nitasema tu kitu kinachoonekana kwenye kalenda: mauaji ya viongozi yalikuwa yameshatulia tangu Agosti. Aliyechukuliwa Novemba hakuwa mwenyekiti wala mtendaji wala askari. Alikuwa mtu mwenye kumbukumbu za miezi yote ile, na nyumba yake ndiyo iliyopekuliwa.

Novemba 2018, maofisa wawili wa Kamati ya Kuwalinda Waandishi wa Habari, CPJ, Angela Quintal na Muthoki Mumo, walikuwa Dar es Salaam. Shirika lao lilikuwa linapiga kelele kuhusu Azory kwa mwaka mzima. Usiku wa tarehe 7 walichukuliwa hotelini kwao, wakahojiwa, hati zao za kusafiria zikashikiliwa, wakaachiwa baada ya hapo. Mwaka huo huo, Septemba 2018, Bunge lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Takwimu yaliyofanya kuwa kosa la jinai kutangaza takwimu zinazopingana na za serikali. Adhabu ilikuwa faini isiyopungua shilingi milioni 10, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Kipengele hicho kililegezwa mwaka 2019 baada ya kelele nyingi, Benki ya Dunia ikiwemo. Lakini kwa miezi ile, mtu aliyekaa na daftari lake akajumlisha vifo vya Kibiti, akapata namba isiyofanana na ya mkubwa, alikuwa na sababu ya kulifunga daftari.

Halafu ikaja tarehe 10 Julai 2019. Waziri wa Mambo ya Nje wa wakati huo, Profesa Palamagamba Kabudi, alihojiwa na BBC mjini London. Alipoulizwa kuhusu Azory alizungumzia machungu ambayo nchi ilipitia kule Rufiji, akasema Azory alitoweka na akafa, na kwamba hakuwa peke yake, kwani waliuawa pia polisi na viongozi wa chama. Dunia nzima ikanukuu. Siku chache hazikupita akarekebisha, akasema hakumaanisha kwamba amethibitisha kifo, maneno yake yametafsiriwa vibaya.

Mimi mahojiano yale nimeyasikiliza mara nyingi, na kinachonikamata ni ule mpangilio kuliko hata neno lenyewe. Waziri alimtaja Azory kwa pumzi moja na askari na viongozi waliouawa. Alimweka kwenye orodha ile ile ambayo Azory alikuwa anaiandika. Halafu akamtoa. Na tangu siku hiyo hakuna ofisi yoyote ya serikali iliyosema hadharani mtu huyu yuko wapi, hai au amekufa, wala hakuna tume iliyokaa hadharani kusikiliza habari za Kibiti kutoka kwa wajane wa wenyeviti, wajane wa polisi na mama za vijana waliochukuliwa.

Novemba 2019 ulifanyika uchaguzi wa serikali za mitaa, vyama vikubwa vya upinzani vikajitoa, viti vikajazwa. Novemba 2024 vikajazwa tena. Kwa hiyo kila kijiji cha Kibiti kina mwenyekiti na kila mwenyekiti ana mhuri. Naambiwa wengine ni vijana ambao mwaka 2017 walikuwa wanasoma sekondari. Ningependa sana kujua kama kuna mahali wanapoandika wakitishiwa.

Kwa upande wangu nimeanza kazi ya kijinga, ya mikono. Nimechora safu sita kwenye daftari kubwa: tarehe ya tukio, kijiji, cheo, gazeti lililoandika, namba ya ukurasa, na safu ya mwisho nimeiita "kabla", yaani kama habari inataja kitisho chochote kilichotangulia. Safu hiyo ya mwisho iko karibu tupu. Majina ya marehemu ninayaandika kwenye daftari langu ila sitayatoa hapa mpaka nizungumze na familia.

Kwa hiyo nina ombi. Kama wewe au mzee wako mnatunza magazeti ya Mwananchi, Nipashe, Habari Leo au Mtanzania ya kuanzia Mei 2016 mpaka Desemba 2017, tafadhali msiyafungie vitumbua. Hasa yale ya katikati ya wiki, kurasa za ndani za habari za mikoani. Pale chini kabisa, karibu na matangazo ya zabuni, ndipo walipo.